Shuka Kwenye Paa Langu

Junia, 2 Oktoba 1991

Kwa Baba Nawaf, jirani yetu wa ukuta mmoja pale Ain Zarura,

Salamu. Ni mimi Tanyus, Baba Elias, kama mwandiko wangu bado unaukumbuka. Miaka minane sijakuandikia, wewe pia hukuniandikia, kwa hiyo katika hilo tuko sawa. Wanasema vita vimekwisha na vizuizi vya barabarani vimeondolewa. Barua hii anaileta dereva wa lori la tufaha, Mdruzi wa dini yenu wa huko kwenu, na nimemnyoa ndevu bure ili asije akaitupa njiani.

Sisi wazima. Tunaishi vyumba viwili juu ya duka la betri, na mimi nanyoa watu wa pwani wanaoamini kwamba sisi wa mlimani tulikuwa tunajitazama kwenye ndoo ya maji. Mama yuko hai. Macho yamepungua, ulimi bado.

Sasa nisikilize. Binamu yangu Iskandar amerudi Kfar Lauza kiangazi hiki, na nyumba yake unaijua, inatazamana na kijiji chetu ng'ambo ya korongo. Mkesha wa Sikukuu ya Msalaba, Wakristo wa kule walipowasha mioto juu ya mapaa yao kama ilivyo desturi yetu, aliona moto mmoja Ain Zarura. Ain Zarura hajabaki Mkristo hata wa dawa. Na moto ule ulikuwa juu ya paa langu. Kulipokucha akachukua darubini, akaona jiwe la kushindilia udongo wa paa limekaa pale juu, jiwe jeusi. Letu lilikuwa jeupe.

Nani anakaa nyumbani kwangu, Baba Nawaf? Anachoma nini juu ya paa langu? Kama ni milango yangu ya mjozi, nambie tu, nijue.

Na mama ana swali lake. Anauliza kama mmewahi kusikia lolote juu ya mdogo wangu Naum. Siku ile sisi Wakristo tunakimbia kijiji alirudi kumfungua nyumbu, akasema atatukuta darajani. Mama bado anamwekea sahani mezani, na hakuna wa kuiondoa mpaka yeye mwenyewe aseme.

Tanyus, Baba Elias


Ain Zarura, 19 Oktoba 1991

Kwa Baba Elias,

Barua yako imefika, na dereva kafika na kidevu kama cha bwana harusi. Mkewe hajamuelewa.

Nimefurahi kusikia mko hai. Nilikuwa nasikia mara mko Kanada, mara mko Brazili. Kumbe mko Junia, mwendo wa asubuhi moja tu, na tumekaa kama watu wa sayari mbili.

Hakuna anayekaa nyumbani kwako. Milango ya mjozi ipo. Jiwe lenu jeupe lilipasuka kwa baridi ule mwaka wa pili, ndiyo maana nikaweka langu. Hujasahau paa la udongo, au umesahau? Mvua ikinyesha lazima mtu apande alishindilie kabla halijakauka, la sivyo linafanya nyufa, maji yanaingia, boriti zinaoza, na nyumba inaanza kukaa chini kama ng'ombe. Kuta hizo alizijenga babu yangu, babu yako akilipa kwa hariri, baada ya wao nao kupigana kwanza na kuchoka. Sikuona sababu ya kuziacha zife.

Mama Nawaf anamletea mama yako mfuko wa kishki, ametengeneza mwenyewe mwezi uliopita, ngano na mtindi wa mbuzi wetu. Mama yako alikuwa akisema kina chumvi nyingi. Mwambie bado kina chumvi nyingi.

Kuhusu kuja, ningekuomba usije kabla ya masika. Barabara ni mbaya na si kila mtu hapa amezoea kuona nyuso za zamani. Tupe muda.

Nasib, Baba Nawaf


Kfar Lauza, 6 Novemba 1991

Binamu Tanyus,

Ulinituma nikaangalie, nimekwenda. Wale pale kwenye chemchemi walinitazama kama mtu aliyekuja kupima mashamba. Mashehe wawili wenye vilemba vyeupe waliitikia salamu yangu, kisha wakanigeuzia migongo. Kanisa la Mtakatifu Elia limebaki kuta. Mkuyu wa kengele upo, kengele haipo.

Nyumba yako imesimama vizuri, Tanyus. Vizuri mno. Za wenzako wote kwenye mtaa ule zimeanguka, mibaruti imeota vyumbani. Yako peke yake ina paa laini kama sinia. Jiulize kwa nini mtu avuje jasho miaka minane juu ya paa la mtu mwingine. Mimi simjui mtu wa hivyo, na wewe humjui.

Sikiliza hili sasa. Ghala la chini, lile mlilokuwa mnafungia nyumbu na kuweka mitungi ya mafuta, mlango wake umezibwa. Umejengewa mawe kwa chokaa, kazi ya fundi, si ya mtu mwenye haraka. Nilipoinama niguse, Baba Nawaf akatokea nyuma yangu. Sijui alitokea wapi. Akajipitisha kati yangu na ule ukuta, akaegemea pale kama anapumzika.

Nikamwambia, "Baba Nawaf, hapa si palikuwa na mlango?"

Akasema, "Palikuwa."

"Na humo ndani mna nini?"

"Karibu kahawa, Iskandar. Jua linazama na wewe una njia ndefu."

Jua lilikuwa utosini, Tanyus. Saa ya chakula cha mchana.

Mtu hazibi mlango wa nyumba isiyo yake kama hana cha kuficha. Watu huku wanasema wakati wa vita bunduki zilifukiwa kila mahali. Wengine wanasema vyombo vya kanisa. Mwanawe Nawaf nilimwona anapasua kuni uani, mtu mzima sasa, bega kama la trekta. Alikuwa na wale wenye bunduki mwaka ule, hilo unalijua. Hakuinua kichwa.

Na kile kishki wanachokuletea, mpe paka kwanza.

Iskandar


Junia, 10 Novemba 1991

Baba Nawaf,

Nilikuuliza nani anawasha moto juu ya paa langu. Ulinijibu mambo ya udongo. Nilikuuliza habari za Naum. Ulinijibu kishki. Unadhani mtu akishakaa kwenye vyumba viwili juu ya duka la betri anapoteza na akili?

Nimeambiwa kuhusu ghala. Nimeambiwa ulivyomzuia binamu yangu kwa mgongo wako. Kwa hiyo nakuandikia kwa lugha ambayo haihitaji kahawa. Shuka kwenye paa langu. Toa jiwe lako jeusi. Najua kwetu huko jiwe lako likishakaa juu ya paa la mtu, kesho watoto wataambiana kuwa paa ni lako, na keshokutwa wajukuu wataapa. Mimi sitakupa keshokutwa. Ufunguo mpe dereva.

Masika nitakuja na nyundo, na watu, na mama. Tutaufungua ule ukuta mbele ya kijiji kizima, ili kila mtu aone ulikuwa unalala juu ya nini. Kama ni bunduki, za kwako. Kama ni vyombo vya Mungu, utamjibu mwenyewe. Kama ni sufuria za shaba za mama yangu, basi nitakuonea aibu, maana ungeomba tungekupa.

Kishki cha mkeo nimekimwaga. Mama hajui kama kilifika.

Tanyus


Ain Zarura, 24 Novemba 1991

Baba Elias,

Nimeshuka. Jiwe nimelivingirisha hadi kwangu, mbele ya watu, ili wajukuu wasije wakaapa. Ufunguo huu hapa, dereva anao mfukoni, na safari hii msinyoane.

Sufuria za shaba ziko jikoni kwako zimefunikwa kwa gunia. Ulivyoziacha.

Nina ombi moja. Mimi si mtu wa kuomba, hilo unalijua, tuligombania maji ya chemchemi miaka kumi na tano na hukunisikia hata mara moja nikisema tafadhali. Leo nasema. Usifungue ghala kabla hujakaa na mimi, mimi na wewe peke yetu. Na usije na mama yako.

Udongo utahitaji kushindiliwa mvua za kwanza zikipita. Tafuta mtu unayemwamini. Mtafute mapema.

Nasib


Junia, 1 Desemba 1991

Baba Nawaf,

Mwizi ndiye anayetaka mazungumzo ya watu wawili. Mwenye haki hana shida na mashahidi.

Unasema nisije na mama. Kwa nini? Yeye ndiye aliyeolewa katika nyumba hiyo, akazaa humo, akazika mume akitokea humo. Kila unapofungua mdomo unanifanya nizidi kufikiri. Usiku wa leo nimejiuliza jambo ambalo sikutaka kujiuliza, nalo naliandika ili ujue kwamba nalifikiri: mwanao Nawaf alikuwa wapi siku ile Naum aliporudi kwa nyumbu?

Mtu wa kupanda paa nitamtafuta mimi. Halikuhusu.

Tanyus


Kfar Lauza, 5 Januari 1992

Binamu Tanyus,

Habari ya paa. Yule niliyekuahidi amekataa, anasema hawezi kuvuka korongo kwa theluji hii na kwenda kwa Wadruzi peke yake. Mwingine anataka tungoje. Mimi mgongo wangu unaujua. Theluji imefika madirishani, huku wazee wanasema hawajaona majira kama haya. Nimetazama kwa darubini. Paa lako limekuwa jeupe tupu na hakuna nyayo juu yake hata za ndege. Angalau ametii.

Usiwe na wasiwasi, nyumba iliyosimama miaka minane haitaanguka kwa mwezi mmoja.

Iskandar


Ain Zarura, 17 Februari 1992

Kwa Tanyus mwana wa jirani yangu,

Ni mimi Mama Nawaf. Sijawahi kukuandikia barua, na mume wangu hajui kama naandika. Amelala chumba cha pili na nyonga imevunjika. Akipona atanigombeza, basi na anigombeze.

Theluji ilianguka wiki nzima, kisha ikaja mvua juu ya theluji. Unajua paa la udongo likiwa hivyo linavyokuwa. Nasib alikaa dirishani anatazama paa lako tangu asubuhi, hali, hanywi. Nikamwambia, "Si upande?"

Akasema, "Mwenye nyumba amenikataza."

"Mwenye nyumba haioni theluji hii."

"Ameandika, mama. Nimwambie nini, kwamba sijui kusoma?"

Adhuhuri tukasikia boriti ya kwanza inalia. Hapo alichukua koleo, akalivingirisha lile jiwe mwenyewe, mzee wa miaka sitini na nane, kilemba kimemlowa kichwani. Nawaf akamkimbilia akipiga kelele, "Baba, nyumba ya mtu aliyekutukana, unafuata nini pale?" Nasib alifika pembe ya mashariki, akaanza kutupa theluji chini, na pembe yote ikaenda naye. Nawaf ndiye aliyemtoa kwenye boriti kwa mikono yake.

Sasa nakujibu yale maswali yako, maana mume wangu hawezi. Keti, Tanyus. Kama mama yako yuko chumba hicho, nenda nje.

Naum yuko kwenye ghala.

Siku mliyokimbia alikuja mlangoni kwangu jioni, amepigwa risasi chini ya mbavu, na bado ameshika kamba ya nyumbu. Nyumbu hakuwepo. Tulimlaza kwenye godoro langu la mahari na tukafunga madirisha. Barabara zilikuwa na watu wenye bunduki huku na huku, wa kwenu na wa kwetu, wala daktari hakuwepo wa upande wowote. Alikaa kwetu siku tatu. Ya tatu ilikuwa mkesha wa Sikukuu ya Msalaba. Akaniuliza, "Mama Nawaf, mmewasha?" Maana tangu akiwa mdogo yeye ndiye aliyekuwa anapanda na kuni kuwasha moto wa sikukuu, na wanangu mimi wanamfuata nyuma. Nikamwambia tumewasha. Nilimdanganya, nani angewasha moto siku ile. Akafa kabla hakujacha.

Makaburini kwenu kulikuwa kunapigwa mizinga. Tukamshusha ghalani kwenu, tukamlaza uso mashariki kama mnavyolala nyie. Padri hakuwepo. Nilisema yale maneno niliyokuwa nayasikia kwenye misiba yenu, niliyoyakumbuka, na yale nisiyoyakumbuka nilisema ya kwetu. Nasib akajenga mlango ili mbwa wasiingie, wala watu. Na bunduki ziliponyamaza, akaanza kupanda kila mwaka mkesha ule, anamwashia moto wake. Ndiyo huo binamu yako aliouona. Tulikuwa tunachoma matawi ya mkuyu wa kanisa yaliyokauka.

Utauliza kwa nini hatukusema. Mwanzo hatukujua mko wapi. Kisha mkasema mama yako anaweka sahani. Lakini hiyo si sababu yote, na nimechoka kutoa nusu ya sababu.

Hatujui nani alimpiga Naum. Yeye hakusema, nasi hatukumuuliza. Mwanangu Nawaf alikuwa nje siku ile na bunduki, upande ule wa daraja. Alirudi baada ya wiki. Hatukumwambia kuwa Naum alikufa kwetu, wala kwamba yuko ghalani. Tulimficha hata yeye. Tulimficha yeye kuliko mtu yeyote. Kwa sababu tukimwambia tutalazimika kumtazama usoni wakati anasikia, na mimi na baba yake hatujawa na moyo huo. Nakula naye kila siku. Nampikia. Namtazama akikata mkate, kisha natazama pembeni.

Hicho ndicho mume wangu alichokuwa anakilalia.

Mama Nawaf


Junia, 27 Februari 1992

Kwa Mama Nawaf, na kwa Baba Nawaf akiweza kusomewa,

Barua yako niliisoma kwenye ngazi. Nilikaa pale mpaka mwenye duka la betri akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Nilitaka kumficha mama, mpaka masika, mpaka nipate maneno. Halafu nikajiona nimeshika zile nusu za sababu ulizozichoka, nikapanda juu nikamwambia. Hakulia kwanza. Alisimama, akaichukua ile sahani mezani, akaiosha, akaifuta, akaiweka kabatini na nyingine. Akaniuliza godoro mlilomlaza lilikuwa la sufu au la pamba. Nikasema la mahari. Akasema basi ni la sufu.

Tunakuja barabara ikifunguka. Padri atakuwa nasi, na hakutakuwa na watu wengine. Iskandar nimemwambia abaki na darubini yake.

Baba Nawaf, nilikuita mwizi. Sina njia ya kulirudisha neno hilo mdomoni, kwa hiyo nakuja kulibeba mbele yako. Jiwe jeusi nakuomba lirudishwe juu, au nitalirudisha mimi, na likae pale. Wajukuu waape wanavyotaka.

Lakini nanyi nisikilizeni, maana sitakuja nikijifanya nimepoa. Mimi bado namshuku Nawaf. Nimejaribu siku zote hizi kuacha na nimeshindwa. Nilidhani mama atanikataza. Hakunikataza. Anasema ule ukuta wa ghala asibomoe fundi wala mimi. Abomoe Nawaf, kwa mkono wake, jiwe moja moja, na aambiwe kwanza nani yuko ndani. Yeye mama atasimama karibu. Anasema macho yake hayaoni mbali ila uso wa mtu akiwa karibu bado anauona, na ataona anachotaka kuona, na baada ya hapo tutakula kwenu. Anataka kishki. Nimemwambia niliyoyafanya na kile cha kwanza, akanipiga kofi, mzee wa miaka themanini na moja.

Jambo la mwisho, halafu nifunge.

Mama alipokwisha kuuliza yote, alilala kitandani akageukia ukutani, nikadhani amesinzia. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na maji, Tanyus? Alikuwa havujiwi kule chini?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Baba Nawaf alishindilia paa kila mvua ilipopita. Hakuna tone lililomfikia Naum, miaka yote minane."

Akasema, "Na majira haya?"

Nikamwambia na majira haya pia.

Tafadhali, kabla hatujafika, mwambie Nawaf afunike ile pembe ya mashariki kwa turubai.

Tanyus